Ufunguo wa Ghala la Ng'ambo

Mapema mwezi wa Mei mwaka 2024 wanachama wa UniSuper, mfuko wa pensheni uliotokana na wafanyakazi wa vyuo vikuu vya Australia, walikuta kwamba hawawezi kuzitazama akiba zao. Mfuko huo una wanachama zaidi ya 600,000, na mali unayoitunza inazidi dola bilioni 120 za nchi ile. Hapakuwa na mwizi, wala moto, wala gharika. Fedha zenyewe zilikuwapo. Kilichotoweka ni mitambo iliyokuwa ikiendesha hesabu zao, mitambo ambayo mfuko haukuimiliki bali uliikodi kwa kampuni ya Google. Nayo ilifutwa na programu iliyokuwa ikitimiza amri, bila ya mtu yeyote siku ile kubonyeza kitufe chochote.

Tumeanza na habari ya Australia kwa makusudi. Siku hizi katika nchi zetu maduka, shule, hospitali, vyama vya akiba na mikopo na kampuni changa za vijana huweka kumbukumbu zao katika kompyuta za kukodi zilizo ng'ambo, na mara nyingi mwenye shughuli hajui zaidi ya kwamba fundi wake wa kompyuta "ameziweka kwenye wingu". Neno hilo lisimpumbaze mtu. Hakuna kilichopaa angani. Wingu ni majumba makubwa yenye ulinzi, yaliyojaa kompyuta maelfu kwa maelfu zinazopozwa usiku na mchana, na kila jumba lina mahali pake duniani: Ireland, Virginia, Frankfurt, Cape Town. Mwenye kukodi hapewi ufunguo wa jumba. Hapewi hata ruhusa ya kuingia uani. Anachopewa ni njia ya kutuma amri kwa maandishi, na ndiyo njia hiyo tunayotaka kuieleza hapa, maana asiyeijua hajui anachokilipia.

Wataalamu huiita kiolesura cha programu. Hatuna ugomvi na neno hilo, ila kwa kuwa bado halijazoeleka katika vinywa vya watu, sisi tutaiita dirisha la amri. Mfano wake ni dirisha la bohari ya serikali. Mwenye haja haingii ndani. Huandika hati ya maombi katika fomu iliyowekwa, hutia sahihi, kisha karani huilinganisha sahihi ile na iliyomo daftarini, hutazama kama mtu huyo ameruhusiwa kuchukua kitu anachokitaka, halafu ama humpa ama humkatalia, na vyovyote iwavyo huandika kitabuni. Tofauti ni kwamba karani wa dirisha hili ni programu. Halali, hapokei chai, hana ndugu. Wala haulizi, "Mzee, una hakika?"

Dirisha la namna hii lilifunguliwa kwa umma na kampuni ya Amazon ya Marekani. Tarehe 14 Machi 2006 ilianza kukodisha ghala la faili liitwalo S3, kwa senti 15 za dola kwa kila gigabaiti kwa mwezi. Na mwezi wa Agosti mwaka huohuo ikaanza kukodisha kompyuta zenyewe, huduma iitwayo EC2, kwa senti 10 kwa saa. Jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui, na ambalo tunalitaja kwa furaha, ni kwamba EC2 haikuundwa katika makao makuu ya Seattle. Iliundwa Cape Town. Chris Pinkham, mtu wa Afrika Kusini aliyekuwa akisimamia mitambo ya Amazon, alitaka kurudi kwao. Kampuni, badala ya kumpoteza, ilimruhusu afungue ofisi huko mwaka 2004, na huko yeye na Willem van Biljon pamoja na kikundi kidogo cha mafundi wakaijenga huduma ambayo leo dunia nzima inaitumia.

Hata hivyo majumba yenyewe ya kompyuta yalichelewa kufika barani kwetu. Microsoft ilifungua yake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Kwa hiyo kwa muda wa miaka 14 kazi iliyofanywa kwa mikono ya Cape Town iliuzwa kwa Waafrika kutoka Ulaya na Marekani, kwa fedha za kigeni. Wazee wetu waliouza pamba wakanunua mashati wataielewa habari hii bila ya kufafanuliwa.

Hapo mwanzo hapakuwa na ukurasa wenye vitufe na picha. Ukurasa huo wa Amazon ulikuja Januari 2009. Kabla ya hapo aliyetaka kompyuta ya kukodi ilimbidi aandike amri, au aandike programu ya kuiandika amri. Na hata leo vitufe hivyo ni sura tu. Ukivibonyeza, ukurasa huandika barua ya namna ileile na kuipeleka dirishani kwa niaba yako. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba yeye hatumii dirisha la amri, bali hubonyeza tu, anajidanganya kama yule asemaye hatumii posta bali humpa barua tarishi.

Barua ya amri ina sehemu chache. Kwanza ina anwani, inayotaja huduma na mahali. Pili ina tendo: leta, weka, badili, au futa. Tatu ina maelezo: kompyuta ya ukubwa gani, ngapi, iwekwe jina gani. Mahali hutajwa kwa neno fupi tu. Katika dirisha la Amazon, eu-west-1 ni Ireland na af-south-1 ni Cape Town. Neno hilo dogo lina uzito wa sheria. Uganda na Kenya zilipitisha sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022, na zote zina masharti juu ya taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Lakini anayeamua kumbukumbu za wagonjwa zilale nchi gani mara nyingi si waziri wala mwanasheria. Ni kijana mmoja mbele ya kompyuta, aliyeliacha neno lile kama alivyolikuta katika mfano alioufuata.

Sehemu ya nne ni sahihi, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo ulipo moyo wa jambo. Ufunguo wa Amazon una vipande viwili. Kimoja ni jina la ufunguo, herufi na tarakimu 20, ambalo hupelekwa wazi pamoja na barua. Cha pili ni siri yenye herufi 40, na hiki hakipelekwi kamwe. Programu ya mtumaji huichanganya barua, saa iliyoandikwa, na siri ile, kwa hesabu ambayo ni rahisi kuifanya na haiwezekani kuirudisha nyuma. Matokeo ya hesabu hiyo ndiyo sahihi. Upande wa pili Amazon, ambayo siri inayo, hufanya hesabu ileile. Majibu yakilingana, barua ni ya kweli na haikubadilishwa njiani hata nukta moja. Yasipolingana, mlango haufunguki. Kwa kuwa saa nayo imo katika sahihi, barua ya jana haiwezi kuibwa ikatumwa tena leo: ghala la S3 hukataa barua ambayo saa yake inapishana na saa ya Amazon kwa zaidi ya dakika 15. Kompyuta yenye saa mbovu hukataliwa ingawa ufunguo wake ni halali, na mafundi wengi wamekwisha kupoteza alasiri nzima wakitafuta kosa penginepo.

Jibu huja kwa namba. 200 maana yake imefanyika, 403, hukuruhusiwa, 404, ukitakacho hakipo, 429, unatuma mno, punguza mwendo, 500, kosa ni letu si lako. Kwa amri kubwa, jibu la kukubaliwa si habari ya kwamba kazi imekwisha. Ukiomba kompyuta, dirisha hukujibu kwamba inatayarishwa, nawe unapaswa kurudi kuuliza tena na tena mpaka uambiwe iko tayari. Programu iliyoandikwa na mtu asiye na subira huanza kupeleka kazi kwenye kompyuta ambayo bado haijazaliwa.

Lakini tatizo linalotuhusu sisi hasa, watu wa mtandao unaokatika, ni la barua isiyo na jibu. Fundi aliyeko Kampala au Bujumbura ametuma amri ya kukodi kompyuta kumi. Mtandao umekatika. Je, amri ilifika, au ilipotelea njiani? Kama ilifika na jibu ndilo lililopotea, akituma tena atakuwa na kompyuta ishirini, na kila moja inahesabiwa kwa saa. Kama haikufika na asitume tena, asubuhi wateja watakuta duka limefungwa. Dawa yake ipo, nayo ni ya kikarani kabisa: kila amri ipewe namba yake ya kumbukumbu. EC2 huruhusu jambo hilo. Barua ikifika mara ya pili ikiwa na namba ileile, karani hatoi kompyuta nyingine bali husema, "Hii nimekwisha kuitimiza," na hurudisha jibu la kwanza. Ni ajabu jinsi jambo dogo kama hili linavyoachwa na watu walioelimika, eti kwa sababu huko waliko waalimu wao mtandao haukatiki.

Tuje kwenye suala la nani awe na ufunguo. Katika miaka ya mwanzo akaunti ya Amazon ilikuwa na ufunguo wa enzi yote: aliyeweza kusoma faili moja aliweza pia kufuta ghala zima. Ilipofika mwaka 2011 ndipo mpango wa kugawa madaraka ulipofunguliwa kwa wote, baada ya kujaribiwa tangu mwaka uliotangulia. Kwa mpango huo mwenye akaunti anaweza kumpa kila mtu, na kila programu, ufunguo wake wenye mipaka: huyu asome tu, yule aweke lakini asifute, wa tatu awashe kompyuta za majaribio peke yake. Amri nyingine zina kipimo cha kujaribia, ambapo dirisha hukuambia kama ungeruhusiwa bila ya kulitenda tendo lenyewe. Aidha, tangu mwishoni mwa mwaka 2013 Amazon ina huduma ya kuandika kitabuni kila amri iliyotumwa: nani, lini, kutoka wapi.

Ni nani basi asiyegawa madaraka? Wengi. Kuugawa ufunguo kunataka kukaa na kufikiri ni kazi gani inahitaji nini, na mtu mwenye haraka huona afadhali atoe ufunguo mkuu kwa kila mmoja. Mwaka 2016 wezi waliingia katika hazina ya maandishi ya programu za Uber, kampuni ya magari ya abiria ambayo wakazi wa Nairobi na Kampala wanaijua, wakakuta humo ufunguo wa ghala lake la Amazon umeandikwa ndani ya programu. Hawakuvunja kitu. Waliandika barua, wakatia sahihi, karani akawapa taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva. Kampuni iliwalipa wezi hao dola 100,000 na ikanyamaza kwa mwaka mzima. Habari ikatoka Novemba 2017.

Mkasa wa Code Spaces ulikuwa mchungu zaidi. Hiyo ilikuwa kampuni ndogo iliyowahifadhia mafundi wengine maandishi ya programu zao, na kazi yake yote ilikuwa katika akaunti ya Amazon. Tarehe 17 Juni 2014 mtu asiyejulikana aliingia katika akaunti ile akadai fedha. Wenyewe walipojaribu kubadili maneno ya siri, waligundua kwamba mgeni wao amekwisha kujitengenezea funguo za akiba. Naye alipoona wanamfungia mlango, akaanza kutuma amri za kufuta, moja baada ya nyingine. Ndani ya saa 12 kompyuta nyingi, faili nyingi, na nakala nyingi za akiba zilikuwa zimekwisha. Kampuni ilifunga shughuli. Hebu tuzingatie: nakala walikuwa nazo, na walikuwa wakijisifu kwazo. Ila nakala nazo zilikuwa zikifunguliwa kwa ufunguo uleule.

Sasa turudi Australia, maana huko hapakuwa na mwizi. Mwaka 2023 mafundi wa Google, walipokuwa wakiutayarishia mfuko wa UniSuper sehemu ya mitambo yake, walitumia chombo cha ndani, yaani programu ya matumizi yao wenyewe, kwa sababu mpango ule ulikuwa na mahitaji maalumu ya nafasi. Katika maelezo ambayo chombo kile kiliyataka, palikuwa na mahali pamoja pa kujaza, nao wakapaacha wazi. Karani wa kibinadamu angeirudisha fomu aseme, "Hapa hujajaza." Programu ilifanya lile ililofundishwa: palipoachwa wazi ilijijazia yenyewe muda wa mwaka mmoja. Hakuna aliyelitambua hilo. Mitambo ikafanya kazi vizuri, mwaka ukapita, muda ukatimia, ikafutwa. Kwa desturi mteja anayetaka kufuta mitambo yake hutumiwa onyo kwanza. Safari hii onyo halikutumwa, kwa sababu hakuna mteja aliyetaka chochote. Mpango wa kuonya haukufikiria kwamba kufuta kunaweza kuanzia ndani ya nyumba.

Mfuko ule haukuwa mzembe. Mitambo yake ilikuwa imewekwa katika sehemu mbili, ili moja ikianguka nyingine ishike. Lakini sehemu zote mbili zilikuwa chini ya mkataba mmoja, na mkataba ulipofutwa zikaenda pamoja. Kilichouokoa ni nakala zilizokuwa nje ya mitambo ile, zikiwamo ambazo mfuko, kwa tahadhari ambayo pengine wahasibu wake waliiona ni gharama ya bure, ulikuwa umeziweka kwa kampuni nyingine kabisa. Thomas Kurian, mkuu wa huduma za wingu za Google, na Peter Chun, mkuu wa UniSuper, walitoa taarifa ya pamoja wakisema kwamba jambo kama hilo halijapata kumfika mteja mwingine yeyote wa kampuni hiyo duniani. Huduma zilianza kurudi tarehe 9 Mei, na kufikia katikati ya mwezi zilikuwa zimekamilika. Chombo kile cha ndani kimeachwa.

Tukilinganisha mikasa hii miwili, Code Spaces na UniSuper, tunaona kwamba nia ya anayefuta si hoja. Mmoja alikuwa adui, wa pili ni fundi mwema aliyeacha nafasi moja wazi. Hoja ni kama kuna nakala ambayo amri ileile haiwezi kuifikia. Meneja wa chama cha akiba hana haja ya kujifunza kuandika programu ili aulize maswali manne kwa fundi wake: ufunguo mkuu wa akaunti uko kwa nani, ukipotea leo, utazimwa na nani, kitabu cha amri kinasomwa na nani, na nakala iliyo nje ya akaunti ilirudishwa kwa majaribio mara ya mwisho lini. Swali la nne ndilo hujibiwa kwa kukohoa.

Kuna na suala la akaunti zenyewe. Tangu mwaka 2017 Amazon imeruhusu shirika moja kuwa na akaunti nyingi chini ya moja kuu, na akaunti mpya hufunguliwa kwa amri kama kompyuta inavyokodiwa. Mwenye busara huweka kazi halisi katika akaunti moja, majaribio katika nyingine, na nakala katika ya tatu ambayo mafundi wa kila siku hawana ufunguo wake. Tangu mwaka 2022 akaunti huweza kufungwa pia kwa amri. Ikifungwa hukaa siku 90 ambamo inaweza kurudishwa, kisha yaliyomo hufutwa. Siku 90 ni nyingi kwa aliyekosea na anayejua kwamba amekosea. Kwa shirika ambalo fundi wake pekee aliacha kazi kwa hasira, barua za onyo zikawa zinakwenda katika anwani yake, ni chache mno.

Sisi ambao nchi zetu hazigusi bahari tuna jambo moja zaidi la kulitazama. Dirisha la amri liko ng'ambo, na njia ya kulifikia hupita Mombasa na Dar es Salaam, kisha chini ya maji. Tarehe 12 Mei 2024, siku tatu baada ya wanachama wa Australia kuanza kuziona tena akiba zao, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Msumbiji, Malawi, Kenya, Uganda na Rwanda. Mitambo iliyokodiwa Ireland na Cape Town ilikuwa mizima kabisa. Funguo zilikuwa halali na sahihi zilikuwa sawa. Barua zilitumwa, nyingine zikafika baada ya kuchelewa, nyingine zikarudi bila jibu, na waliokuwa wamezipa barua zao namba za kumbukumbu walizituma tena bila hofu. Waliotaka kuzima kompyuta wasizozihitaji siku hiyo iliwabidi wangoje, huku mita ya malipo, ambayo haina habari na nyaya za baharini, ikiendelea kuhesabu saa.